Kunde Katika Vumbi la Mwezi

Katika mtaa wa Majengo, mjini Meru, siku huanza mapema. Watu wakitoka kwenye swala ya alfajiri, milango ya mabati hufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Wauza chai huwasha majiko yao. Wenye bucha husimama nje, wakilingoja gari la nyama kutoka machinjioni.

Khalifa alikuwa mmoja wa wenye bucha hao. Alikuwa mtu mnene na mpole, mwenye sauti nzito. Aliipenda kazi yake, na alipenda ifanywe kwa usafi. Kila asubuhi alivaa koti jeupe, akanoa visu, kisha akapangusa mizani mpaka ikang'aa. Wateja walimwamini kwa sababu nyama yake haikulala.

Lakini nyuma ya bucha palikuwa na jambo lililomkera. Khalifa na mwenye bucha jirani, Mahmood, walinunua matumbo ya ng'ombe yakiwa hayajasafishwa. Waliyaosha wenyewe uani. Majani aliyokula ng'ombe, ambayo yalikuwa bado yamo tumboni, waliyamwaga kwenye pembe ya ua. Mwenye mkokoteni alikuja kuyazoa, lakini hakuja kila siku. Yakilala, yalinuka. Nzi walikuja. Baadaye afisa wa afya naye alikuja.

"Bwana Khalifa," afisa alisema, "mbele ya bucha yako panapendeza. Nyuma hapafai."

"Nimekusikia, bwana afisa," Khalifa alijibu. Alijua ni kweli.

Nyumbani kwake hapakuwa mbali. Alipanga vyumba viwili karibu na msikiti, akaishi humo na mkewe Sharifa na binti yao Jamilah. Sharifa alikaanga mahamri ya kuuza. Jamilah alikuwa katika kidato cha tatu, katika shule ya kutwa hapo mjini.

Jioni moja, Khalifa aliporudi nyumbani, alimkuta mkewe amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Jamilah, ingia umwone binti yako," Sharifa alisema. "Leo anapika mawe."

Jamilah alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa. Juu ya jiko palikuwa na karai la mahamri. Lakini ndani ya karai hamkuwa na mahamri. Mlikuwa na vumbi jeusi, naye Jamilah alikuwa akilikoroga kwa mwiko, kama mtu anayekaanga njugu.

"Mama, nimekuambia nitaliosha karai," alisema bila kugeuka.

"Utaliosha mara ngapi? Kesho wateja wangu watafune kokoto?"

Khalifa aliinama akatazama. "Hili si vumbi la kule machimboni? Lile mafundi wanalochanganya na saruji?"

"Ndilo, Baba. Ni mawe meusi ya volkano yaliyosagwa. Mwezini kuna mawe yanayofanana na haya. Tunatengeneza udongo wa mwezi wa kuigiza."

"Wa kufanyia nini?"

"Wa kupandia kunde."

Khalifa alimtazama Sharifa. Sharifa alitazama dari.

"Kunde za mwezini," Khalifa alisema taratibu. "Na nani atapanda huko kuzichuma?"

Jamilah alicheka. "Baba, wataalamu wanafikiria jinsi watu watakavyoishi mwezini siku za usoni. Watahitaji chakula. Huko kuna vumbi tu. Hakuna majani yaliyooza, hakuna minyoo, hakuna hata vijidudu. Ndiyo maana ninalikaanga hili, ili vijidudu wote wafe. Lazima tuanze na vumbi lisilo na uhai."

"Ukishapata vumbi lisilo na uhai, unatarajia lizae nini?"

"Hilo ndilo swali letu, Baba. Tunataka kulijibu."

Jibu lile lilimpendeza Khalifa, naye alikwenda kunawa mikono akitabasamu.

Jaribio hilo lilikuwa la chama cha sayansi shuleni. Mlezi wa chama alikuwa Mwalimu Kinya, mwalimu wa kilimo. Alikuwa amewachagua Jamilah na rafiki yake Kawira walishughulikie. Mwishoni mwa muhula wa pili kungekuwa na maonyesho ya sayansi ya shule za Meru na Embu, mjini Embu. Shule yao ilikuwa haijawahi kupeleka jaribio hata moja huko. Safari hii nafasi ilikuwa imepatikana, nayo ilikuwa mikononi mwa wasichana hao wawili.

Mara ya kwanza walipanda kunde hizo shuleni. Kuku wa mlinzi walizila zote. Kwa hiyo Mwalimu Kinya alikubali makopo yakae nyumbani kwa akina Jamilah, kwenye ukuta mfupi wa uani, mahali penye jua. Kawira, ambaye kwao ni Timau na aliishi kwa shangazi yake hapo mjini, alikuja kila alasiri kusaidia.

Makopo yalikuwa matatu. Yalikuwa makopo ya mafuta ya kupikia, yaliyotobolewa chini ili maji yapite. La kwanza lilijazwa udongo mwekundu wa shamba. La pili lilijazwa vumbi tupu. La tatu lilijazwa vumbi lililochanganywa na mboji iliyotokana na mabaki ya jikoni ya shule. Mbegu zilikuwa za aina moja. Maji yalipimwa kwa kikombe kimoja. Jua lilikuwa lile lile.

"Kitu kimoja tu ndicho tofauti," Jamilah aliwaeleza wazazi wake. "Udongo. Tukiona tofauti katika kunde, tutajua imeletwa na udongo. Kwa hiyo naomba mtu yeyote asiyaguse."

"Tumesikia, mwalimu," Khalifa alisema, na Sharifa akacheka.

Mbegu ziliota katika makopo yote. Kwa siku za kwanza kunde zilifanana kama ndugu. Kisha zilianza kuachana. Zile za udongo mwekundu zilinyanyuka, majani mapana. Zile za vumbi na mboji zilizifuata kwa karibu. Lakini zile za vumbi tupu zilidumaa. Maji yalituama juu ya vumbi, kisha vumbi likakauka na kuwa gumu kama plasta. Majani yaligeuka manjano.

Khalifa alianza kuyapitia makopo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kopo la pili alilipa jina.

"Mgonjwa ameamkaje?" alimwuliza Jamilah.

"Hali ni ile ile, Baba. Ni sawa."

"Sawa gani? Mtazame alivyokonda."

Huko kwenye bucha alimweleza Mahmood. Mahmood alikuwa mtu wa mzaha. Hata mteja aliyekuja kununua mifupa hakuondoka bila kutaniwa.

"Wewe Khalifa unakata ng'ombe kila siku bila kutokwa na machozi," Mahmood alisema. "Leo unalilia kunde?"

"Ungeziona, nawe ungelia."

"Basi si uzilishe? Chakula kiko hapa nyuma, cha bure. Hukumbuki mboga za marehemu mama yako, kule karibu na machinjio ya zamani? Sukuma wiki zake zilikuwa na majani kama masikio ya ndovu."

Khalifa alikumbuka vizuri. Wazo lile lilimkaa moyoni siku nzima.

Kesho yake alitoka nyumbani na kurudi haraka, kabla Jamilah hajatoka chumbani. Alikuwa na kibakuli cha majani ya tumboni mwa ng'ombe, mabichi, bado yana joto. Aliyafukia kwa uangalifu kandokando ya kunde dhaifu. Alisawazisha vumbi juu yake kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitanda. Kisha alinawa, akavaa koti lake jeupe, akaenda kazini na moyo mwepesi. Alikuwa na hakika kwamba Jamilah angeamka siku moja akute mgonjwa amepona.

Mgonjwa hakupona. Majani yalinyauka, kingo zake zikawa kama zimepitishwa motoni. Shina lilikuwa jeusi karibu na udongo. Siku chache baadaye kunde zote za kopo lile zililala. Nzi walizunguka kopo hilo moja, wakayaacha mengine.

Jamilah na Kawira waliporudi kutoka shuleni, walisikia harufu kabla hawajafika ukutani. Jamilah alichimba kwa kijiti. Alitoa kipande cha nyasi kilichotafunwa nusu.

Khalifa alikuwa amerudi kula chakula cha mchana kwa kuchelewa. Aliacha kutafuna.

"Baba," Jamilah alisema, "hili kopo limekula nini?"

"Limekula kidogo tu."

Sharifa aliangua kicheko. Kisha alimwona binti yake hacheki, naye akanyamaza.

"Baba, kunde hizi zilitakiwa ziwe dhaifu," Jamilah alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Udhaifu wake ndio uliokuwa ushahidi wetu. Sasa nikienda Embu nitasemaje kwamba mboji ndiyo iliyozisaidia zile nyingine? Nitazilinganisha na nini?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Ndiyo, Baba. Lakini sasa hatuna la kupeleka."

Kawira aliyatazama makopo mawili yaliyobaki. Wasichana walichukua mikoba yao wakaingia ndani. Khalifa aliisukuma mbali sahani ya wali. Alikuwa amepata aibu mbele ya maafisa na wateja katika maisha yake, lakini hakuwahi kuipata mbele ya mtoto wake.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu Kinya alikuja kwenye bucha kununua matumbo, kama ilivyokuwa desturi yake. Khalifa alimpimia. Kisha alikata kipande cha ini akakiweka juu, bila kukipima.

"Hili ini ni la nani?" Mwalimu Kinya aliuliza.

"Ni lako, mwalimu. Ni la kuomba radhi."

"Jamilah amenieleza," Mwalimu alisema. "Ini nitalilipia kama watu wengine. Lakini hebu nionyeshe hicho chakula ulichowapa wagonjwa wangu."

Khalifa alimpeleka nyuma, uani. Jamilah, aliyekuwa ameleta chai ya baba yake, aliwafuata. Mahmood naye aliacha kisu chake akaja kusikiliza.

Mwalimu Kinya alilitazama lundo lile la majani bila kuziba pua. "Hiki ni chakula kizuri cha mimea," alisema.

"Umesikia?" Mahmood alimwambia Khalifa. "Si nilikuambia?"

"Lakini hakijaiva," Mwalimu aliendelea. "Bwana Khalifa, wewe unauza nyama safi. Je, mtoto mchanga unaweza kumpa nyama mbichi?"

"Siwezi, mwalimu. Itamdhuru."

"Basi ndivyo ilivyo kwa mmea mchanga. Majani haya yakiwa mabichi, vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho huyashambulia ili wayaozeshe. Kazi yao hutoa joto. Hutoa pia hewa kali iitwayo amonia. Ndiyo hiyo inayowachoma pua hapa. Tena vijidudu hao huimaliza hewa safi iliyo ndani ya udongo. Kwa hiyo mizizi huungua na kukosa pumzi kwa wakati mmoja."

"Mbona mboga za mama yangu zilistawi?" Khalifa aliuliza.

"Mama yako alichukua yale ya juu, mabichi, au ya chini ya lundo?"

Khalifa alifikiri. Alimwona mama yake akilifukua lundo kwa jembe, akitupa kando yale ya juu. "Ya chini," alisema. "Yale meusi."

"Alikuwa anangoja yaive. Wewe uliruka hatua hiyo."

Khalifa alitikisa kichwa. "Basi mwalimu, kopo lile litupwe. Lisifike Embu. Sitaki binti yangu achekwe kwa sababu yangu."

"Hatutalitupa," Mwalimu Kinya alijibu. "Jaribio si mashindano ya kuotesha mimea mizuri. Ni njia ya kuutafuta ukweli kwa utaratibu. Muda bado upo. Tutapanda upya makopo yote, na vumbi tupu litabaki tupu. Halafu tutaongeza kopo la nne, lenye vumbi na majani mabichi, makusudi. Watu waone kinachotokea."

Jamilah aliinua macho. "Mwalimu, na la tano. Vumbi na majani haya haya, yakiwa yameiva."

"Vizuri sana. Ila kuna kazi. Nani atayaivisha?"

Wote watatu walimgeukia Khalifa.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Kinya aliwaonyesha namna ya kutengeneza lundo la mboji. Walichagua pembe yenye kivuli, mbali na bomba la maji na mbali na chumba cha nyama. Chini walitandaza mabua makavu ya mahindi ili hewa ipite. Juu yake waliweka tabaka la majani ya tumboni. Kisha waliweka tabaka nene zaidi la vitu vikavu: nyasi, majani makavu, na maranda ya mbao kutoka kwa seremala wa jirani. Walinyunyiza udongo kidogo wa shamba, kwa sababu udongo huo una vijidudu wa kuanzisha kazi. Walirudia hivyo, tabaka juu ya tabaka. Mwisho walilifunika lundo kwa magunia ya zamani.

"Liwe na unyevu kiasi gani?" Khalifa aliuliza. Alipenda vipimo.

"Chukua konzi moja, uikamue. Mkono ulowe, lakini maji yasidondoke. Kila wiki uligeuze, la nje liingie ndani, la ndani litoke nje. Na kila ukimaliza, unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyama."

"Hilo la mwisho huna haja ya kuniambia, mwalimu."

"Najua. Nimemwambia Mahmood."

Khalifa aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kazi zake zote. Alinunua jembe la uma. Alitenga koti kuukuu la kuvaa wakati wa kugeuza lundo, na jeupe likabaki la nyama. Kila asubuhi alichomeka kijiti katikati ya lundo, akakiacha kidogo, kisha akakigusa. Kilipotoka na joto, alijua vijidudu wako kazini.

"Khalifa siku hizi anafuga," Mahmood aliwaambia wateja. "Ana mifugo isiyoonekana."

"Cheka," Khalifa alijibu. "Lakini uchafu wako uulete hapa. Usiumwage chini tena."

Mahmood alikataa kwa wiki moja. Baadaye alikuja na ndoo yake, akaiweka chini bila mzaha wowote.

Hata hivyo mambo hayakwenda sawa moja kwa moja. Mvua za masika ziliponyesha, magunia yalilowa na lundo likaanza kunuka tena. Kijiti kilitoka baridi. Khalifa alidhani ameharibu kwa mara ya pili. Jamilah alichukua konzi moja akaikamua, maji yakamwagika.

"Maji yamezidi, Baba. Hewa haipiti," alisema. "Tuongeze vitu vikavu, tugeuze, halafu tuweke bati juu."

Walifanya hivyo pamoja, baba na binti, wakilowa jasho. Baada ya siku chache kijiti kilitoka na joto. Harufu ilikwisha. Afisa wa afya alipopita tena, alizunguka nyuma ya bucha, akasimama, akauliza kama siku hizi hawauzi matumbo.

Mvua zilipopungua, lundo lilikuwa limepoa na kushuka. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, laini, chenye harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Mwalimu Kinya alikiponda kwa vidole. Hapakuwa na jani hata moja lililotambulika.

"Imeiva," alisema.

Wakapanda upya. Makopo yalikuwa matano sasa. Sharifa, ambaye alikuwa amenunua karai jingine na kumwachia Jamilah lile la zamani, ndiye aliyeyalinda mchana. Hakumruhusu mtu kuyakaribia, hata mumewe.

"Simama hapo hapo, Baba Jamilah," alisema. "Unaweza kutazama kwa mbali."

Siku ya maonyesho, Khalifa alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Aliiacha bucha mikononi mwa Mahmood, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Walisafiri hadi Embu katika basi la shule, makopo yakiwa mapajani mwa wanafunzi.

Ukumbi ulijaa meza. Palikuwa na mitambo ya umeme wa jua, mashine za kukaushia kahawa, na chupa za dawa za rangi mbalimbali. Meza ya Jamilah na Kawira ilikuwa na makopo ya mafuta tu. Khalifa aliketi kwenye viti vya wazazi, karibu, akiyahesabu majani ya kunde kwa macho.

Mwamuzi aliyefika mezani alikuwa Bwana Ngari, mzee mrefu mwenye miwani. Alikuwa afisa wa kilimo aliyestaafu, na mkulima wa Kanja, huko huko Embu.

"Udongo huu umetoka mwezini?" aliuliza.

"Hapana, bwana," Jamilah alijibu. "Ni wa kuigiza. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa, tukayakaanga kuua vijidudu. Hatuwezi kusema ni sawa kabisa na wa mwezini. Watafiti wa ng'ambo waliwahi kupanda mbegu katika udongo halisi ulioletwa kutoka huko. Ziliota, lakini mimea ilikuwa dhaifu. Nasi tumeona udhaifu katika vumbi tupu."

"Na kopo lipi limefanya vizuri zaidi?"

"La udongo mwekundu wa shamba," Kawira alisema. "Yenye mboji yanalifuata. Hayakulishinda."

Bwana Ngari alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kawira aling'oa mche mmoja kutoka kopo la tano, akamwonyesha mizizi. Ilikuwa na vifundo vidogo kama punje za mtama. Alieleza kwamba ndani ya vifundo hivyo wamo vijidudu wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mmea. Kisha aling'oa mche wa vumbi tupu. Mizizi yake ilikuwa mitupu.

Mwamuzi alisogea kwenye kopo la nne, ambalo kunde zake zilikuwa zimekauka. Kando yake palikuwa na kadi iliyoandikwa: *Mbolea mbichi*.

"Wazo la kopo hili mlilitoa wapi?"

Jamilah alisita. Khalifa alimwona akitazama chini. Alielewa kwamba binti yake anatafuta njia ya kumstiri.

"Halikuwa wazo letu mwanzoni," Jamilah alisema. "Kulikuwa na mtu aliyezionea kunde huruma. Alizilisha kabla chakula hakijaiva. Tukajifunza kutokana na hapo."

"Mtu gani huyo?"

"Ni mimi, bwana," Khalifa alisema, akasimama. "Baba yake. Nina bucha huko Majengo."

Watu kadhaa walicheka. Bwana Ngari hakucheka. Alivua miwani.

"Kule kwetu Kanja," alisema, "watu hutia samadi mbichi katika mashimo ya mahindi kila msimu. Mahindi yakiungua, tunalaumu mbegu. Mimi nimelisema jambo hili miaka mingi, lakini sikuwahi kuwaonyesha kwa macho kama hivi. Hebu nieleze, uliivishaje?"

Khalifa alimtazama Jamilah.

"Eleza, Baba," Jamilah alisema. "Mboji umeitengeneza wewe."

Basi Khalifa alieleza. Alieleza mabua ya chini, na tabaka za vitu vikavu, na konzi ya kukamua, na kijiti cha kupima joto. Alieleza pia jinsi mvua ilivyomharibia na jinsi binti yake alivyolitibu lundo. Alisema kwa sauti yake nzito ya kuita wateja, na watu wa meza nyingine walisogea kusikiliza. Alipoulizwa kwa nini lundo hupata joto, alirudi nyuma hatua moja.

"Hapo nitampisha mwenye elimu," alisema, akamwonyesha Jamilah kwa mkono wazi.

Jamilah aliendelea pale pale baba yake alipoachia. Mwalimu Kinya alisimama nyuma ya umati, akisikiliza.

Alasiri matokeo yalisomwa. Jaribio la kunde lilishika nafasi ya kwanza katika sehemu ya kilimo. Bwana Ngari alipowapa cheti, aliwaambia pia upungufu wao. Kopo moja kwa kila aina halitoshi. Warudie kwa makopo mengi zaidi, ili wawe na hakika kwamba hawakubahatika tu. Jamilah na Kawira waliitikia kwa furaha ile ile waliyopokelea cheti.

Majengo nzima ilipata habari kabla basi halijafika. Wenye bucha walikuja kutazama lundo, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa wametengeneza la kwao la pamoja. Mwenye mkokoteni sasa alibeba mboji, na watu waliopanga vyumba wakaanza kuotesha sukuma wiki na kunde katika magunia milangoni mwao. Walikuwa hawana shamba, lakini walikuwa na mboga.

Shule zilipofungwa, ujumbe ulitoka kwa Bwana Ngari. Aliwaomba baba na binti wafike Kanja kuzungumza na wakulima wenzake. Walikwenda. Walikuta watu wameketi kwenye nyasi, chini ya jua jepesi la asubuhi, samadi mbichi imewekwa tayari kando na mabua makavu ya mahindi karibu yake.

Mwenyekiti wa kikundi hicho alikuwa mama mmoja mkavu wa maneno aliyeitwa Wambeti. Alimtazama Khalifa, mnene na mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, ameshika jembe la uma. Alimtazama Jamilah, mwembamba katika sare ya shule na mtandio mweupe.

"Tumeambiwa tutaletewa mwalimu," Wambeti alisema. "Ni yupi kati yenu?"

"Ni huyu, mama," Khalifa alijibu. "Mimi ni fundi wake."

Wambeti alisogeza miguu yake kumpisha. Jamilah alipita mbele, akawasalimu wazee kwa heshima, mmoja mmoja. Kisha alichukua konzi ya samadi mbichi, akainyanyua juu ili walioketi nyuma nao waione, akaanza kufundisha.